Nyumba Iliyo Rehani: Nasaha kwa Wauzaji na Wanunuzi wa Mbulu na Hanang

Katika mashauri ya ardhi yanayowagharimu watu wa Mbulu na Hanang fedha zao, usingizi wao na mara nyingine hata udugu wao, silijui linalozuilika kwa wepesi zaidi kuliko lile linalozaliwa siku mtu anapoiuza nyumba ambayo deni lake halijakwisha. Kwa kuwa chimbuko lake aghalabu si upungufu wa sheria wala ugumu wa hakimu, bali ni jambo moja lililofichwa ambalo, lau lingesemwa mapema mbele ya wote linaowahusu, lisingemdhuru yeyote. Wanaohusika ni watu watatu: muuzaji, mnunuzi na mkopeshaji. Nasaha zote nitakazozitoa hapa zina shabaha moja, nayo ni kuwaketisha hao watatu pamoja kabla shilingi ya kwanza haijatoka mkononi mwa mnunuzi.

Nyumba katika wilaya hizi haijengwi kwa msimu mmoja. Mkulima wa vitunguu swaumu wa Mbulu hununua saruji mwaka huu na bati mwaka ujao. Muuguzi wa Haydom au mwalimu wa Dongobesh huinua kuta kwa mshahara na kuzipaua kwa mkopo. Mfanyabiashara wa Katesh, anayenunua ngano ya Basotu na mbaazi za vijiji vya jirani, huiweka rehani nyumba aliyokwisha kuijenga ili apate mtaji wa mavuno yanayokuja. Hapo ndipo penye mtego, maana benki hutaka marejesho kila mwezi, ilhali shamba hulipa mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine halilipi kabisa. Bei ya mazao ikianguka, mwenye nyumba huanza kuwaza kuiuza mwenyewe kabla hajauziwa. Wazo hilo si aibu, bali ni la busara, kwani anayeuza kwa hiari hupata bei ya sokoni, na anayengoja mnada hupata bei ya siku hiyo. Kosa haliko katika kuuza. Liko katika namna ya kuuza.

Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2004 na mwaka 2008, inasema wazi jambo ambalo wengi hawalijui: rehani ni dhamana tu, wala haihamishi miliki. Aliyeweka nyumba yake rehani hajamwuzia benki nyumba hiyo. Angali mwenye nyumba, na kwa kuwa angali mwenye nyumba anaweza kuiuza. Lakini sheria hiyohiyo imeweka ndani ya kila mkataba wa rehani, hata kama mkataba wenyewe umenyamaza, ahadi ya mkopaji kwamba hataihamisha nyumba kwa mwingine pasipo idhini ya maandishi ya mkopeshaji. Na kwa upande wa pili ikamfunga mkopeshaji asiinyime idhini hiyo pasipo sababu ya haki. Basi anayekwambia kwamba nyumba yenye deni haiuziki amekosea, na anayekwambia kwamba ni mali yako, uiuze tu, benki utamalizana nayo baadaye, amekosea zaidi. Deni lililosajiliwa hukaa juu ya nyumba. Mwenye nyumba akibadilika, lenyewe halibadiliki, na aliyenunua bila kulilipa amelinunua pamoja na kuta.

Tazama jinsi madhara yanavyoingia. Karatasi ya mauziano ya namna hii huandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu kwenye ukurasa uliochanwa daftarini: juu majina ya pande mbili, katikati bei kwa tarakimu na kwa maneno, kisha mipaka iliyotajwa kwa mti, kwa korongo na kwa jina la jirani, chini mashahidi wawili kila upande, mmoja wao akiwa ameweka dole gumba, na mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji umegongwa upande upande. Neno benki halimo. Mnunuzi alipouliza hati, alionyeshwa kivuli chake, akaambiwa kwamba hati yenyewe imehifadhiwa kwa ndugu Arusha. Naye, kwa kuwa muuzaji ni mtu wa kanisa moja naye au wa ukoo wa mkewe, aliona haya kuuliza mara ya pili. Miezi ikapita, akabadilisha bati, akachimba kisima, kisha asubuhi moja dalali akaja kubandika tangazo mlangoni. Akikimbilia barazani, benki italeta rehani iliyosajiliwa kabla ya mauziano yake, na atakachobaki nacho ni haki ya kumdai muuzaji fedha zake, ikiwa atampata na ikiwa zimebaki. Kweli, kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai ambayo Sheria ya Kanuni za Adhabu imeiwekea kifungo cha hadi miaka 7. Lakini kifungo cha muuzaji hakimrudishii mnunuzi nyumba.

Kwa hiyo, ewe unayetaka kununua, usione haya. Kama nyumba iko katika eneo la mji na ina hatimiliki, chukua namba ya hati na ya kiwanja, ukaombe upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Na siku hizi safari si ndefu kama zamani, kwani tangu mwaka 2020 kila mkoa umepewa ofisi yake ya ardhi, na ya Manyara iko Babati. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, rehani kama ipo, na zuio kama limeandikishwa. Ikiwa muuzaji anakupa kivuli tu, mwulize kwa upole na kwa uthabiti hati halisi iko wapi, nawe usitoe hata arubuni mpaka uwe umeiona kwa macho au umepata jibu la Msajili wa Hati. Muuzaji mwaminifu hataudhika.

Nawe unayeuza, anza kwa mkopeshaji wako. Mwandikie kwamba wakusudia kuuza, na umwombe barua mbili: ya kwanza ya idhini, na ya pili inayotaja salio la deni hadi tarehe maalumu, pamoja na riba inayoongezeka kila siku baada ya tarehe hiyo na gharama za kufunga mkopo kabla ya muda wake. Usikubali kutajiwa salio kwa mdomo dirishani. Nyingi katika kesi za namna hii zimezaliwa na tofauti baina ya deni alilolidhania mkopaji na deni lililo katika vitabu vya benki, ambamo faini za kuchelewa zilikuwa zikijikusanya kimya kimya.

Tuseme basi nyumba ya Katesh imekubaliwa kwa shilingi milioni 60, na barua ya benki inaonyesha deni la milioni 22. Mkataba uandikwe na wakili, utiwe sahihi na wote watatu, useme kwamba milioni 22 zitalipwa na mnunuzi moja kwa moja katika akaunti ya mkopo, wala zisipitie mkononi mwa muuzaji hata kwa saa moja. Kwamba benki, ikishapokea fedha hizo, itatoa hati ya nyumba pamoja na waraka wa kuifuta rehani uliotiwa sahihi, ndani ya siku zilizotajwa. Na kwamba milioni 38 zilizobaki, ambazo ni haki ya muuzaji, zitawekwa amana kwa wakili au katika akaunti ambayo hakuna upande unaoweza kutoa fedha humo peke yake, mpaka kufutwa kwa rehani kuwe kumeandikwa katika daftari la Msajili wa Hati. Wapo wauzaji wanaolalamika kwamba huku ni kuwekewa fedha zao kifungoni. Mimi naona ni ulinzi kwa wote wawili, maana mnunuzi akishalipa yote na benki ikachelewesha hati, mtu wa kwanza kushitakiwa ni muuzaji ambaye hakukosa lolote.

Ikiwa mnunuzi naye ananunua kwa mkopo, benki yake inaweza kulilipa deni la benki ya kwanza na kuipokea hati. Mabenki huandikiana barua, nayo ni njia ya polepole lakini salama. Na ikiwa deni ni kubwa kuliko bei, jambo ambalo hutokea kwa aliyechelewa sana, mauzo hayataifuta rehani mpaka mkopeshaji akubali kwa maandishi namna salio litakavyolipwa au dhamana nyingine itakayowekwa mahali pa nyumba. Asipokubali, usiuze, maana utakuwa umeuza ugomvi. Baada ya hapo hufuata fomu za uhamisho, zile namba 29, 30 na 35 ambazo kila afisa ardhi anazijua, pamoja na kodi ya faida ya mauzo na ushuru wa stempu. Pande mbili zipatane mapema nani atalipa nini, kwa kuwa maafikiano mengi mazuri yamevunjikia kwenye kodi.

Hayo ni ya mji. Lakini sehemu kubwa ya nyumba za Mbulu na Hanang zimesimama juu ya ardhi ya kijiji, nayo ina Sheria yake, Namba 5 ya mwaka 1999. Mwenye hatimiliki ya kimila anaweza kuiweka dhamana, na benki kadhaa pamoja na vyama vya akiba na mikopo huipokea; na daftari la kulitazama hapo si lile la Babati, bali ni masjala ya ardhi ya kijiji, inayotunzwa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji. Nenda huko, uombe daftari lifunguliwe mbele yako. Kisha ujue kwamba mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, hata ukigongwa mara kumi, si idhini ya halmashauri ya kijiji. Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka Tanga, imekwisha kuamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji pasipo idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Dai muhtasari wa kikao ulioidhinisha mauzo, wenye tarehe, majina ya waliohudhuria na sahihi; na kama kuna mkopeshaji, barua yake ya idhini isomwe katika kikao hichohicho, ili majirani wote wajue.

Shida iliyo ngumu zaidi ni ya mikopo isiyosajiliwa popote: mtu amempa hati yake au karatasi yake ya zamani ya mauziano mkopeshaji wa mtaani, wale ambao watu wamewaita kausha damu, akapewa fedha za dharura za hospitali au za ada. Hakuna upekuzi utakaoifichua dhamana ya namna hiyo. Kinga iliyopo ni kuisisitiza hati halisi, na kuwauliza mke, ndugu na majirani. Na aliyekwisha kunaswa aulize kama mkopeshaji huyo ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kama hana, mwenye kuvunja sheria ni yeye kwanza, na mkopaji asikubali kutishwa aihame nyumba usiku.

Lazima nikae kidogo juu ya jambo la mke, maana hapa ndipo dhuluma kubwa hufanyika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mmoja wa wanandoa kuihamisha au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini katika shauri moja la Mbeya, lililofika Mahakama ya Rufani mwaka 2000, mke alipinga rehani iliyowekwa na mumewe akashindwa, kwa kuwa hakuwa ameandikisha zuio lake katika daftari, na benki haikuwa na njia ya kujua haki yake. Sheria ya Ardhi imeukaza ulinzi huo: rehani ya nyumba ya ndoa haiwi halali mpaka mkopaji na mwenzi wake anayeishi katika nyumba hiyo wametia sahihi au ridhaa yao imeonekana katika waraka, mkopaji anawajibika kusema kweli kama ana mwenzi, mkopeshaji anawajibika kuchunguza, na mwenye kudanganya kwa kiapo amefanya jinai. Na sheria haikusema mke tu; imesema mwenzi au wenzi. Katika boma la Hanang lenye wake wawili au watatu wanaokaa pamoja, sahihi ya mke mkubwa peke yake haitoshi.

Nasisitiza haya kwa sababu wapo wanaume waliothubutu kumpeleka mwanamke mwingine benki akatia sahihi mahali pa mke. Siku siri inapofunuka, rehani hutikisika, mauzo hutikisika, na mnunuzi asiye na hatia hukokotwa miaka mingi katika ugomvi wa nyumba ya watu. Kwa hiyo mnunuzi aende nyumbani penyewe, aketi, aonane na mke au wake, na sahihi zao ziwe katika mkataba pamoja na picha zao. Nawe, mama, ambaye jina lako halimo katika hati, usingoje siku ya dalali. Andikisha zuio lako kwa Msajili sasa, ungali na amani na mumeo. Si kumshitaki, ni kuiandika haki uliyo nayo. Ukikosa ada ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao wapo katika wilaya, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023 imefika Manyara.

Vifo na maafa nayo yana hukumu zake. Mkopaji akifa, hakuna mtoto wala mjane awezaye kuuza kabla ya mahakama kumteua msimamizi wa mirathi. Na kabla ya kuuza, msimamizi aiulize benki kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha, maana pengine deni limekwisha kulipwa kwa bima na warithi hawajui. Aidha, maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoteremka kutoka mlima Hanang na kuzizika nyumba za Katesh na Gendabi, yametufundisha kuuliza swali ambalo halikuulizwa: nyumba iliyo rehani ikifukiwa, deni hubaki, na ardhi hubaki dhamana. Soma basi bima yako inataja majanga gani.

Ikiwa umeshindwa kulipa na mauzo ya hiari hayakufanikiwa, jua kwamba mkopeshaji hawezi kukurupuka. Ni lazima akupe notisi ya maandishi inayotaja kosa na kiasi, na siku 60 zihesabiwe tangu ulipoipokea ndipo haki ya kuuza iamke. Siku hizo 60 ndizo fursa yako kubwa ya kumtafuta mnunuzi na kumpeleka benki. Anayezitumia kukimbia simu amezitupa. Kisha Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi utangazwe hadharani si chini ya siku 14, katika mji mkuu wa wilaya, yaani Katesh au Mbulu mjini, na pia mahali pa mnada wenyewe, wala si kwa karatasi peke yake, bali kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Tangazo la gazeti lililosomwa Dar es Salaam halitoshi kwa mzee wa Balangdalalu. Zaidi ya hayo, mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora kwa kadiri iwezekanavyo. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka mkopeshaji athibitishe vingine, na mkopaji anaweza kuomba mauzo yatanguliwe. Kwa nyumba yetu ya milioni 60, mpaka huo ni milioni 45. Kwa hiyo fanya uthamini mapema, kwa mthamini aliyesajiliwa, uuweke.

Malalamiko yapelekwe kabla ya mnada, si baada yake. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao, kwa sababu sheria humlinda aliyenunua mnadani kwa nia njema: halazimiki kuchunguza kama notisi ilitolewa sawasawa, na mkopaji aliyenyamaza mara nyingi huambiwa akadai fidia kwa benki, nyumba ikiwa imekwenda. Mgogoro wa ardhi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halitoi tena hukumu, kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, njia ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya imefunguka, nalo husikiliza madai ya kurudishiwa nyumba isiyozidi thamani ya shilingi milioni 300. Rufani huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na siku hizi Mahakama Kuu inakaa Babati, si lazima tena kupanda basi la Arusha. Ukiomba amri ya kuzuia mnada, utaulizwa mambo matatu ambayo mahakama zetu zimeyauliza tangu uamuzi mashuhuri wa mwaka 1969: kama una hoja ya kweli ya kusikilizwa, kama utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na kama mizani ya madhara inakuelemea wewe. Kusema tu kwamba una watoto na huna pa kwenda hakujibu swali la kwanza. Notisi yenye kasoro, salio lisilo sahihi, sahihi ya mke isiyo yake: hayo ndiyo majibu, na yaambatanishwe kwa vielelezo.

Na ikiwa mnada umekwisha kupita kwa halali, bado kuna haki moja ambayo wengi huiacha kwa huzuni au kwa kutojua. Fedha za mnada hulipa kwanza kodi na gharama, kisha deni, na kinachobaki ni cha aliyekuwa mwenye nyumba. Nyumba ikiuzwa milioni 50, na deni pamoja na gharama yakawa milioni 26, milioni 24 ni zake. Aandike barua ya kudai hesabu ya mauzo yote, aipeleke kwa mkono wake, na nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Asipojibiwa, aichukue nakala hiyo aipeleke katika dawati la malalamiko ya wateja la Benki Kuu ya Tanzania, ambalo litamwuliza kwanza kama alianza kulalamika kwa mkopeshaji mwenyewe, naye atakuwa na mhuri wa kuonyesha.